Nilichomoa, na Ningechomoa Tena

Jumamosi, saa tisa alasiri, Nyasura, Bunda. Mawingu meusi yamekaa upande wa ziwa tangu saa sita na mvua haitaki kushuka. Ngurumo zinakuja moja moja, kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili.

Chaja ya simu nimeichomoa. Friji ya shangazi nimeichomoa. Televisheni nimeichomoa pamoja na waya wa dishi, na kioo cha kabati nimekifunika kanga. Naandika kwa chaji iliyobaki, kwa hiyo nikikatika katikati mjue ni simu iliyozima, mimi bado nipo.

Bado nina hasira. Nilidhani nikilala itaisha. Nimelala, haijaisha.

Blogu hii inasomwa na watu saba, na wanne kati yao ni binamu zangu wa Mugango, kwa hiyo wengi mnanijua. Kwa wale watatu: naitwa Nyangeta. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu Musoma na nasubiri matokeo. Wiki ya sita sasa najitolea kwenye kitengo cha mtandao cha chuo kimoja hapa Bunda, na nalala kwa shangazi yangu.

Kujitolea kwangu ni kwa miezi mitatu, halafu kuna jambo. Chuo kimefungua tawi dogo Butiama na kinahitaji mtu wa kukaa kule kuangalia wifi. Mkuu wa kitengo, Madam Wegesa, aliniambia siku ya kwanza kwamba fundi akiandika kuwa nafaa, nafasi hiyo ni yangu mpaka nitakapokwenda chuo kikuu. Tangu siku hiyo sijataka kitu kingine. Nimeshajiona na funguo za chumba cha Butiama mfukoni.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nina hasira.

Kwenye dari za chuo kuna vitu vyeupe vya duara vinavyorusha wifi. Wanafunzi wanaviita visahani, nasi tumezoea. Ni vingi, na huwezi kupanda ngazi kwenda kukielekeza kimoja kimoja. Vyote vinaongozwa na mtambo mmoja uliomo ndani ya kabati la chuma kwenye chumba cha mtandao. Tunauita kontrola. Kontrola ndiyo inayoviambia visahani vitumie jina gani, virushe kwa nguvu kiasi gani, mwanafunzi apitishwe njia ipi na mwalimu njia ipi, mgeni aingie wapi na aishie wapi. Hata visahani vya Butiama vitaongozwa na kontrola hiyohiyo ya Bunda. Kisahani kisicho na kontrola ni sahani tu, na hata ubwabwa hakibebi.

Jumatatu na Jumanne wiki hii tulikuwa tunaiandaa kwa ajili ya Butiama. Nasema tulikuwa, lakini aliyekuwa anafanya ni Injinia Mafuru. Yeye ni fundi wa mkataba, anaishi Musoma na anakuja kukiwa na kazi kubwa. Anajua kazi, lazima niseme ukweli. Anaandika bila kuangalia vidole na anazungumza na simu begani wakati huohuo. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilikuwa najibu maswali moyoni, mwalimu akisema jibu lenyewe ndipo najipa vema. Kwa hiyo simuulizi Injinia kitu. Naandika. Nina kaunta buku kubwa yenye jalada jeusi, na siku zile mbili niliandika kila alichobonyeza, kwa mpangilio wake: jina la wifi ya walimu, namba ya njia yake, kundi la visahani vya Butiama, nguvu ya kila jengo. Penye nywila niliacha mstari mtupu, kwa sababu nywila haiandikwi popote. Hilo nalijua.

Na kuna jambo niliona.

Ukibadilisha kitu kwenye kontrola, kuna kitufe unabonyeza na mabadiliko yanaanza kazi palepale. Visahani vinatii. Unaweza kudhani umemaliza. Lakini juu kabisa, pembeni kulia kwa skrini, kuna neno dogo la kuhifadhi, na hilo ni jambo jingine. Kitabu cha maelekezo nilikikuta chini ya kabati wiki yangu ya pili, kina vumbi na alama ya kikombe cha chai, nikakisoma chote. Kinasema mabadiliko yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka utakapoyahifadhi. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kontrola inaamka na mambo yake ya zamani, kana kwamba hukuwahi kuigusa.

Injinia hakubonyeza hilo neno. Jumatatu hakubonyeza. Jumanne jioni alifunga kompyuta yake, akavaa kofia ya pikipiki akaondoka, na hakubonyeza.

Nilitaka kumwambia. Sentensi niliipanga nikaiona nzuri, na adabu yake ipo: Samahani Injinia, tumeshahifadhi? Nikaimeza. Nikaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: Hajahifadhi. Anahifadhi lini?

Penseli! Ningeuliza kwa mdomo leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Jumatano saa saba mchana Injinia alikwenda mjini kula sato, akaniacha peke yangu chumbani. Ngurumo zikaanza.

Binamu zangu hawahitaji maelezo hapa. Kwetu Mugango, pembeni mwa ziwa, radi inahesabiwa kwa majina ya watu iliowachukua. Babu mdogo Masatu alipigwa akiwa anaanua dagaa, na nyavu alizoshika ziliungua mpaka fundo la mwisho. Kwa hiyo ngurumo ikisikika nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake. Mama anaingiza masufuria ndani. Kaka anafunika kioo. Bibi anakagua nani amevaa nguo nyekundu, anamwamuru avue. Kazi yangu mimi, tangu nikiwa darasa la pili, ni kuchomoa. Taa ya sola, redio, chaja, baadaye televisheni. Nachomoa kabla sijafikiri.

Sijui kama kioo kinaita radi. Mwalimu wetu wa fizikia alisema hapana. Nguo nyekundu pia alisema hapana, akacheka. Lakini nilipomuuliza kwa karatasi kuhusu waya mrefu unaotoka jengo moja kwenda jingine, alisoma swali mara mbili akasema huo ndiyo, huo ni mlango.

Na kabati letu lina nyaya ndefu sita zinazokwenda majengo mengine. Waya wake wa kwenda ardhini, ambao kazi yake ni kuipa radi pa kupita, uling'olewa mafundi walipokuwa wanatengeneza sakafu, na hakuna aliyeurudisha. Niliuona umeviringishwa juu ya kabati kama nyoka aliyekufa.

Nilimpigia Injinia mara mbili. Hakupokea. Ngurumo ya tatu ilitikisa vioo vya dirisha na nikasikia msichana akipiga kelele uani. Nikachomoa. Kwanza umeme wa kontrola, halafu zile nyaya sita, moja baada ya nyingine, nazisukuma mbali na kabati kwa mguu.

Hapa kuna kosa langu na naliandika. Kitabu kinasema mtambo kama ule unazimwa taratibu: unahifadhi, unauambia uzime, unasubiri, ndipo unachomoa. Mimi nilivuta tu. Mkono ulifanya ulichofundishwa Mugango.

Dakika chache baadaye radi ilipiga upande wa maabara. Mle kulikuwa na kiboksi cha kugawa nyaya za mtandao, ambacho sikupata muda wa kukichomoa. Kiliungua, chumba kizima kikanuka plastiki. Televisheni ya kantini nayo ikafa, watu wakiwa wanaangalia mpira.

Kontrola haikuguswa. Mvua ilipopita niliirudishia umeme, ikaamka salama, ikiwa na mambo ya Jumapili. Wifi ya walimu haipo. Butiama haipo. Siku mbili zote hazipo.

Injinia alirudi anachokonoa meno. Aliangalia skrini, akaniuliza nani amegusa. Nikasema mimi, nilichomoa kwa sababu ya radi. Akaanza palepale, mlango ukiwa wazi na wanafunzi wamejaa kwenye korido wakisubiri wifi irudi.

"Binti, umefuta kazi yangu ya siku mbili kwa ajili ya imani za kijijini. Kwenu mnafunikaga na vioo, siyo?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu ni kweli.

Korido yote ikacheka. Mwanafunzi mmoja akauliza kama tunaifunikaga na bahari, maana nayo inang'aa, mwenzake akamwambia lile ni ziwa wewe, wakacheka tena.

Jioni ile Madam Wegesa aliniita. Alikuwa ameshaambiwa kwamba nimefuta. Hakunigombeza, alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Niandike barua ya kukiri kwamba nilifuta kazi na kuomba radhi, niilete Ijumaa saa nne. Barua isipokuja, kujitolea kwangu kuishie hapo, na Butiama apelekwe mtu mwingine.

Shangazi yangu anashona nguo, na ana majibu ya haraka kuliko cherehani yake. Nilipomweleza hakuinua hata kichwa.

"Andika tu, mwanangu. Unajua nimeshaomba radhi mara ngapi kwa nguo iliyowabana wateja walionenepa wenyewe? Na wateja wanarudi, na friji nimenunua."

Nilikaa mezani nikaandika: Naomba radhi kwa. Nikakaa hapo. Kwa nini? Kwa kontrola kubaki nzima? Nilikata, nikaandika tena maneno yaleyale matatu, nikakwama palepale.

Sasa nakuja kwenye ungamo. Nimelizungusha tangu juu kwa sababu halinipendezi.

Kaunta buku ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Kila kitu kilichopotea kilikuwa mle, ukurasa kwa ukurasa. Tangu Jumatano jioni nilijua kwamba kazi ya siku mbili ingeweza kurudi kwa nusu siku. Alhamisi nzima nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama Injinia anajaribu kukumbuka. Anaandika, anafuta, anasonya. Alisahau namba ya njia ya walimu, akaweka nyingine, walimu wa ghorofa ya pili wakakosa mtandao kabisa na hawakuweza kuingiza alama. Butiama walipiga simu mara tatu kuuliza wataunganishwa lini. Mimi nimekaa, mkoba kati ya miguu.

Nilisikia raha. Kila alipokosea nilisikia raha.

Jana, Ijumaa, saa nne kamili nilikuwa mbele ya meza ya Madam. Injinia alikaa pembeni amekunja nne. Nilitoa barua yangu. Ina sentensi tatu na naikumbuka yote: Nilichomoa kontrola siku ya Jumatano kwa sababu ya radi. Nilikosea kuivuta bila kuizima taratibu. Sikufuta kazi ya mtu na siwezi kuandika kwamba nilifuta.

Madam alivua miwani, akavaa, akasoma tena. Akampa Injinia.

"Hii siyo radhi," Injinia akasema. "Hii anatufundisha kazi. Binti wa juzi, hajafika hata chuo."

Madam akaniambia anasubiri, kama nina la kusema niseme. Nilifuta mikono kwenye sketi. Nikasema naomba twende chumba cha mtandao. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema tena hajasikia, sema kama mtu aliyekula.

"Naomba twende chumba cha mtandao. Nitaonyesha."

Hiyo ilisikika mpaka kwa katibu muhtasi, maana kalamu yake ilisimama.

Chumbani nilikaa kwenye kiti cha Injinia. Sikupewa, nilikaa. Nikafungua kontrola na kutengeneza jina jipya la wifi. Nililiita MUGANGO, kwa herufi kubwa. Sikubonyeza neno la kuhifadhi, nilibonyeza kile kitufe cha kuanza kazi tu, kama alivyokuwa anafanya yeye. Nikamwomba Madam aangalie simu yake.

"Lipo," akasema. "Mugango, hili hapa."

Nikachomoa umeme wa kontrola. Kwenye korido wanafunzi wakapiga mluzi na mmoja akauliza kwa sauti kama ni yule wa vioo tena.

Kontrola haiwaki kama taa. Inachukua dakika kadhaa kuamka, halafu visahani vinarudi kimoja kimoja kuripoti, kama wanafunzi waliochelewa paredi. Dakika hizo ni ndefu mno. Injinia aliangalia dari. Mimi niliangalia zile taa ndogo za kijani na nikajikuta naziombea.

Visahani vilirudi. Madam alitafuta kwenye simu, akashusha, akapandisha. Jina halikuwepo.

Nikatengeneza MUGANGO mara ya pili, vilevile, hatua zilezile. Safari hii nilipeleka mshale juu kulia, kwenye neno dogo, nikabonyeza. Nikachomoa tena. Tukasubiri tena. Sasa korido ilikuwa inalalamika wazi, na mwalimu mmoja alichungulia mlangoni, akamwona Madam, akaondoka bila kusema alichojia.

Simu ilikuwa mkononi mwa Madam, na yeye ndiye aliyesema.

"Mugango ipo."

Alimgeukia Injinia, wala hakupandisha sauti. Injinia akasema yeye huwaga anahifadhi mwisho wa kazi, na kazi ilikuwa haijaisha, mtu yeyote wa fani anajua hivyo. Nikatoa kaunta buku kwenye mkoba. Niliifungua ukurasa wa Jumanne na kuiweka mbele ya Madam, kidole kwenye penseli. Hajahifadhi. Anahifadhi lini?

Nilitegemea hapo ndipo nimeshinda. Madam alisoma ule mstari, halafu akarudisha kurasa nyuma taratibu, moja moja, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameona kuna nini ndani.

"Kazi yote imo humu?"

"Ndiyo, Madam."

"Ulijua tangu Jumanne kwamba hahifadhi. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Na jana je? Watu wanahangaika siku nzima, wewe umeikalia. Jana uliogopa nini?"

Ningeweza kusema niliogopa tena. Angeamini, kila mtu anajua mimi ni muoga.

"Jana sikuogopa. Jana nilikuwa nimekasirika."

Injinia akacheka kidogo, kwa pua. Madam hakucheka. Alikunja barua yangu akaiweka kwenye mfuko wa koti lake na kusema itaingia kwenye faili hivyohivyo ilivyo, hahitaji nyingine. Akasema sisi wawili tumekipotezea chuo wiki moja, mmoja kwa kiburi cha kujua na mwingine kwa kiburi cha kunyamaza. Walimu wa ghorofa ya pili wanataka kuingiza alama leo, siyo Jumatatu. Akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa korido.

Neno la kiburi cha kunyamaza limelala na mimi usiku. Sijui la kulifanya. Sikubaliani nalo lote, lakini lina kipande kinachonihusu.

Tukabaki wawili. Injinia akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete hiyo kaunta buku."

Hapo ningempa. Msichana niliyekuwa Jumatatu angempa kwa mikono miwili na kupiga goti. Nilifikiria atakavyoiweka chini ya kiwiko, aandike, amalize, aitupe juu ya kabati pamoja na ule waya wa ardhini, na Butiama ikiwaka watu wamsifu Injinia.

"Sitoi," nikasema. "Nitasoma, wewe utaandika."

Alinitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema mimi ni mkaidi kama gogogo, yule samaki wa miambani. Nikasema sawa. Akavuta kiti.

Nilisoma kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Sijawahi kuongea saa nne mfululizo maishani mwangu. Namba ya njia. Jina la kundi. Nguvu ya jengo la maktaba, punguza, kwa sababu visahani vyake vinapigiana kelele na vya bwenini. Alipofika kwenye nywila nilitazama ukutani akaziandika mwenyewe. Koo lilikauka, akanisogezea chupa yake ya maji. Na kila mwisho wa ukurasa nilisema neno moja.

"Hifadhi."

Mara ya kwanza alisubiri kidogo, ili nione kwamba anaamua mwenyewe. Halafu akabonyeza. Ukurasa wa pili akabonyeza. Ulipofika wa tisa nilikuwa sijasema bado, mshale wake ukawa umeshapanda juu kulia.

Alama za walimu ziliingia kabla ya saa kumi. Jina la MUGANGO nililifuta, kwa sababu wifi ya majaribio haiachwi wazi. Nililifuta na nikahifadhi.

Injinia hakuniomba radhi. Nami sikumwomba kwa ile Alhamisi, ingawa nadhani anastahili kidogo, na walimu wa ghorofa ya pili wanastahili zaidi. Alipokuwa anavaa kofia ya pikipiki aliuliza, kana kwamba anauliza saa:

"Hivi kweli kwenu mnafunikaga vioo?"

"Ndiyo."

"Sisi kule Majita tulikuwaga tunafunika mpaka redio."

Akaondoka. Nilikaa kwenye kile kiti nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika upya. Kumbe alijua! Mtu wa Majita kabisa, naye ndiye aliyewachekesha watu pale koridoni.

Jioni Madam alinipigia simu. Jumatatu napanda gari la Butiama na ngazi, visahani vikafungwe. Nilimuuliza kama maana yake nimepata nafasi. Akasema maana yake visahani vikafungwe, mengine Injinia ataandika mwisho wa miezi mitatu, kama utaratibu ulivyo.

Kwa hiyo nafasi bado si yangu. Injinia anaweza kuandika sifai. Anaweza kuandika mimi ni mkaidi, nachomoa mitambo ya watu, nakalia vitabu. Aandike. Kuhusu ukaidi atakuwa hajadanganya. Ila kwenye faili lilelile kuna sentensi zangu tatu, na yeyote atakayelifungua atazikuta hapo.

Ngurumo nyingine hiyo, ya karibu. Shangazi kaingia anaulizia cherehani ya umeme kama nimechomoa. Nimechomoa. Kaangalia kioo, kaangalia blauzi yangu, ni ya bluu, katoka.

Chaji inakwisha. Nimeamua jambo moja na naliweka hapa mbele ya watu saba ili nisirudi nyuma. Jumatatu nikifika Butiama, kabla sijafungua ngazi, kabla hawajanionyesha pa kukaa, nitauliza swali langu la kwanza. Penseli nitaiacha kwenye mkoba. Nitauliza kwa mdomo, mbele ya yeyote atakayekuwepo, hata akiwa Injinia, na nikiambiwa sijasikika nitarudia.

Waya wa ardhini uko wapi?